Mashine imesoma neno mazuku, haijafika Bulengo

Ndugu Mhariri,

Kwa majuma kadhaa kurasa za wasomaji zimejaa mabishano juu ya akili ya mashine, yaani zile programu za maongezi zinazojibu maswali kwenye telefoni. Msomaji mmoja aliandika kwamba telefoni ya leo inafikiri kuliko mwalimu, kwa hiyo watoto wasichoshwe tena na jedwali la kuzidisha. Mwingine akamjibu kwamba mashine haina lolote, ni kasuku anayerudia maneno ya watu. Sisi tunaofundisha hesabu na informatiki hapa Goma tunaona wote wawili wameruka hatua ile ile: hawakutazama mashine inafanya nini tangu swali linapoingia hadi jibu linapotoka. Tunaomba nafasi tulieleze hilo, maana katika mji huu jibu lenye Kiswahili kizuri na ukweli mbovu linaweza kumwua mtu.

Chukueni mazuku. Aliyekulia upande wa magharibi, kuelekea Bulengo, hahitaji kuelezwa, lakini gazeti linasomwa mbali. Ni gesi, dioksidi ya kaboni, inayopenya kutoka chini ya ardhi yetu ya volkano. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa, basi haipandi. Inatiririka na kutuama kama maji: kwenye kibonde, kwenye ufa wa mawe ya lava, kwenye msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa. Haina rangi, na pua haiwezi kutegemewa kuigundua. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, shimo linajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, linapungua. Ikizidi sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu anapoteza fahamu katika dakika chache, na pale anapoangukia ndipo gesi ilipo nzito zaidi. Wanasayansi wa nchi nyingine wanaoandika juu yake wamelichukua neno letu lilivyo, wanaandika mazuku.

Sasa tazameni mtu wa huko anavyofikiri. Anaona mbuzi amelala shimoni na hainuki, ndege amekufa kando yake, na mbuzi wa pili amesimama ukingoni anakula majani bila shida. Kutokana na hayo anajenga picha moja kichwani: kuna kitu kisichoonekana kimelala chini kama maji. Akishaipata picha hiyo anaweza kujibu maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Nani yuko hatarini kwanza? Mtoto, kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Ukizungushia ukuta kiwanja kilicho bondeni? Umejenga beseni. Mtu akianguka mle na jirani akaingia kumwinua? Watalala wawili. Hakuhitaji mifano elfu. Mbuzi mmoja alitosha, tena aliogopa, na ule woga ulimfundisha upesi. Huku ndiko kufikiri kwa sababu na matokeo: kuwa na picha ya jinsi kitu kinavyofanya kazi, kuigeuza kichwani, na kuona kitakachofuata kabla hakijatokea. Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili. Mtoto mdogo akianza kuukwepa moto tunasema ameanza kupata akili. Hatusemi amepata elimu. Watanzania wanaiita mashine hii akili unde au akili mnemba, wengine akili bandia, sisi hapa tunasema IA kwa Kifaransa, lakini kilichojaa ndani yake ni maarifa yaliyoandikwa, na maarifa ni neno jingine.

Mashine inaanzia kwingine kabisa. Ukiandika swali, hatua ya kwanza ni kulikatakata. Programu haisomi herufi wala maneno kama sisi. Ina orodha ya vipande, makumi ya maelfu au zaidi, vilivyochaguliwa kwa sababu vilijirudia mara nyingi katika maandishi iliyofunzwa nayo. Kila kipande kinageuzwa kuwa safu ya namba, mamia au maelfu ya namba kwa kipande kimoja. Safu hizo zinapita tabaka baada ya tabaka, na katika kila tabaka kipande kinapimwa dhidi ya vipande vilivyokitangulia na namba zake zinarekebishwa. Mbinu hiyo ilichapishwa na watafiti wa Google mwaka 2017, na programu za maongezi tunazozijua zimejengwa juu yake. Mwishoni hapatoki jibu. Inatoka orodha ya uwezekano wa kipande kinachofuata. Tuseme umeandika "Maji ya chini ya Ziwa Kivu yana gesi ya". Kwa mfano tu, mashine inaweza kutoa "metani" 0.70, "kaboni" 0.15, "sumu" 0.05, na maelfu ya vipande vingine vinavyogawana kilichobaki. Kisha inapigwa bahati nasibu: kipande kimoja kinaokotwa kwa kufuata uzito wa namba hizo, kinabandikwa mwisho wa sentensi, na kazi yote inaanza upya kwa kipande kinachofuata. Ndiyo maana ukiuliza swali lile lile mara mbili unaweza kupata majibu mawili. Katika mfano wetu metani na kaboni zote ni sahihi, ziwa lina gesi zote mbili. Lakini penye jibu moja tu la kweli, bahati nasibu ile ile inaendelea kupigwa, na sauti ya jibu haitetemeki.

Je, basi ni kasuku? Hapana, na hapa tunampinga msomaji wa pili. Watafiti waliwahi kuifunza programu ndogo kwa orodha za hatua za Othello tu, mchezo wa kete wa watu wawili, bila kuionyesha ubao hata mara moja. Walipochungulia namba zake za ndani walikuta umejengeka mfano wa ubao, unaoonyesha kila kete iko wapi. Kasuku hafanyi hivyo. Mashine inajenga picha ya aina yake, lakini inaijenga kwa kilichoandikwa, na kwa kadiri kilivyoandikwa. Penye maandishi mengi picha inakuwa nzuri ajabu. Penye machache, matundu yanazibwa kwa kile kinachofanana.

Tofauti ya kiasi ni kubwa kiasi kwamba inafaa kuitazama. Programu ya GPT-3, iliyotoka mwaka 2020, ilikuwa na vigezo bilioni 175, yaani namba za ndani zinazorekebishwa inapofunzwa, na ilifunzwa kwa vipande vya maandishi vipatavyo bilioni 300. Mtoto, hata akizungukwa na watu wasemaji mchana kutwa, hukadiriwa kusikia maneno yasiyozidi milioni 100 katika miaka yake 10 ya kwanza. Mashine imepewa mara 3,000 zaidi, na bado mtoto ndiye anayejua kwamba kikombe kikianguka kwenye mawe kitavunjika na kikianguka kwenye godoro hakitavunjika, kwa kuwa ameangusha vikombe. Ubongo wake una uzito wa kilo moja na ushee, una chembe za neva kama bilioni 86 akikua, na unatumia umeme wa wati 20 hivi, chini ya balbu ndogo ya zamani. Chipu moja ya kisasa ya H100 inayofanya kazi hii hutumia hadi wati 700, na programu kubwa hufunzwa kwa maelfu ya chipu kwa pamoja. (Kapasita nyingi ndani ya mashine hizo, yaani vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, zina metali ya tantali, na tantali inatoka katika koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, huko Masisi, kwa mikono. Wanaozitumia mbali na hapa ni vizuri walijue hilo.)

Mazuku yameandikwa kidogo, na zaidi kwa Kifaransa na Kiingereza. Jaribuni wenyewe: ulizeni kwa Kiswahili, "Mazuku ni nini, na mtu afanye nini akiyakuta?" Ulizeni programu tatu tofauti na mchunguze mambo mawili. La kwanza, kama kuna itakayotelezea kwenye mizuka na pepo wabaya, kwa sababu mizuka ndilo neno la jirani lenye maandishi mengi. La pili ni gumu kuliona. Programu inaweza kuwashauri mshushe mshumaa shimoni: ukizimika kuna gesi, usipozimika pako salama. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni mtego, kwa maana mwali unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamzungusha mtu kichwa na kumlegeza miguu. Sentensi hizo mbili zina umbo moja, zinafuatana vizuri mdomoni, na mashine inayokwenda kwa ufuatano wa vipande huzibandika pamoja bila shida. Anayejua gesi inavyofanya kazi huona mara moja kwamba ya pili haitoki katika ya kwanza.

Kuhusu Kiswahili chetu kuna madhara mengine ambayo watumiaji wengi hawayaoni. Chukueni neno "hatukuwaambia". Mtoto wa miaka minne wa Birere, mtaa wa hapa mjini, hajui sarufi, lakini analisikia kwa viungo vyake: ha- ya kukanusha, tu- ndio sisi, -ku- ya wakati uliopita, -wa- ndio wao, halafu kuambia. Programu iliyokula Kiingereza zaidi inaweza kulikata popote, vipande visivyo na maana yoyote, kwa sababu tu herufi hizo zilikutana mara nyingi katika lugha nyingine. Matokeo yake habari ile ile inachukua vipande vingi zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Makampuni mengi yanayouza huduma hii kwa waunda programu yanatoza kwa kipande. Na kumbukumbu ya mazungumzo nayo inahesabiwa kwa vipande, kwa hiyo katika maongezi marefu Mswahili anasahauliwa mapema. Kwa sababu hiyo hiyo ya vipande, programu nyingi zilishindwa kuhesabu ni herufi "a" ngapi zimo katika "kinachotakikana". Ziko 4, mtoto anazihesabu kwa kidole. Programu haikuona herufi, iliona vipande.

Halafu Kiswahili ilichosoma zaidi ni kile cha magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi. Ya kwetu, "bantu banakuya", "ile kintu", "niko nafanya", haijayaona ya kutosha, na hukisia. Penye maongezi ya kawaida haidhuru. Penye dawa inadhuru. Karatasi ya Kifaransa imeandikwa "à 8 heures et à 20 heures". Tafsiri ya mashine inaweza kutoa "saa nane" kwa sababu namba ni nane. Kwa saa za Kiswahili, 8h00 ni saa mbili asubuhi, na saa nane ni 14h00. Mgonjwa amesogezewa dozi kwa saa sita. Wauza dawa na wauguzi tunawasihi: saa za dawa ziandikwe kwa tarakimu, 8h00 na 20h00, na mgonjwa aonyeshwe kwa kidole kwenye saa ya telefoni yake. Mashine isiachiwe kuzitafsiri.

Tuje kwa jedwali la kuzidisha, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Chukueni 4,738 mara 6,297. Programu ya maongezi ikilazimishwa kutoa jibu moja kwa moja, bila kikokotozi na bila kuandika hatua, mara nyingi hupata tarakimu za mbele na ya mwisho, ikakosea za katikati. Sababu inaeleweka. Za mbele zinapatikana kwa kukisia ukubwa: karibu 5,000 mara 6,000, basi ni kama milioni 30. Ya mwisho inatoka katika 8 mara 7, ambayo ni 56, basi 6. Za katikati zinahitaji kubeba namba kutoka safu hadi safu, na asiye na karatasi ya kubebea anaziotea. Ikiruhusiwa kuandika hatua zote makosa yanapungua, kama kwa mwanafunzi tu, na programu mpya nyingi hulipeleka hesabu kwa kikokotozi kimyakimya. Jibu ni 29,835,186.

Mwalimu wa shule ya msingi ana silaha hapa, ile ambayo wazee wetu walifundishwa kwa jina la "preuve par neuf". Jumlisha tarakimu za 4,738: ni 22, na 2 na 2 ni 4. Za 6,297: ni 24, na 2 na 4 ni 6. Zidisha 4 kwa 6: ni 24, yaani 6. Sasa jumlisha tarakimu za jibu: 2+9+8+3+5+1+8+6 ni 42, yaani 6. Yamekubaliana. Kama mashine ingeleta 29,845,186, jumla ni 43, yaani 7: kosa limekamatwa kwa sekunde 20 bila kuzidisha upya. Lakini kama ingeleta 29,853,186, jumla ni 42 vilevile na kosa limepita. Mtoto aliyekariri uhakiki huu anadanganyika hapo. Mtoto aliyeuelewa anajua kwa nini unafanya kazi: 10 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1, na 100 inabaki 1, na 1,000 inabaki 1, basi tarakimu ina thamani moja popote inapokaa. Na kwa sababu hiyo hiyo anajua kile ambacho uhakiki huu hauwezi kukiona: tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Huyo ataongeza uhakiki wa 11, wa kuanzia kulia na kujumlisha na kutoa kwa zamu. Kwa 4,738: 8−3+7−4 ni 8. Kwa 6,297: 7−9+2−6 ni −6, ongeza 11 upate 5. 8 mara 5 ni 40, ukitoa 33 inabaki 7. Jibu la kweli linatoa 6−8+1−5+3−8+9−2, ni −4, ongeza 11, ni 7. Lile la uongo linatoa 0. Limekamatwa.

Kujua chombo chako hakioni nini ni sehemu ya akili ambayo haipatikani kwa kukopa majibu. Anayetaka jedwali lifutwe anamnyang'anya mtoto kitu pekee ambacho angekitumia kuikagua hiyo mashine.

Kuna mfano mmoja unaotushangaza hadi leo. Katika mchezo wa Go, unaochezwa Asia ya Mashariki kwa vijiwe vyeupe na vyeusi kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19, programu ya AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol kule Seoul mwezi Machi 2016, michezo 4 kwa 1. Wengi walisema basi, mchezo ule umekwisha kwa binadamu. Mwaka 2023 mchezaji wa ridhaa, Kellin Pelrine wa Marekani, aliishinda KataGo, programu nyingine yenye nguvu kama hizo, michezo 14 kati ya 15. Alitumia njia ambayo mchezaji wa kawaida angeishtukia: alizungusha vijiwe vyake taratibu kulizingira kundi kubwa la mpinzani, huku akimshughulisha pembeni. Udhaifu huo ulifichuliwa kwanza na programu nyingine iliyotafuta matundu, kisha mtu akaujifunza na kuutumia mwenyewe. Mashine iliyocheza mamilioni ya michezo dhidi ya nafsi yake haikuwa na wazo la kwamba kundi limezingirwa, wazo ambalo anayejifunza Go hulipata mapema sana. Ilikuwa na uzoefu mwingi wa hali zilizofanana na zile ilizokwisha kuziona. Mzingo wa aina ile ulikuwa haujatokea.

Sisi wa Goma tunapaswa kulifikiria hilo kila tunaposikia kwamba IA itatabiri Nyiragongo. Mlima huu, wa mita 3,470 hivi, umemwaga lava kutoka ubavuni mara tatu tangu uanze kuchunguzwa: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mara tatu. Mashine inayojifunza kwa kurudiarudia mifano haina cha kujifunza katika mifano mitatu, tena isiyofanana. Ile ya 2002 ilileta lava hadi katikati ya mji na juu ya sehemu ya uwanja wa ndege. Ile ya 2021 ilianza jioni bila onyo la kutosha, ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji, halafu matetemeko yakaendelea siku kadhaa hadi tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Anayedai kuwa na programu itakayotaja siku ya mlipuko unaofuata aulizwe alifunza kwa milipuko mingapi, na aliijaribu kwa upi ambao haikuuona.

Hatusemi hivyo kwa kudharau. Kazi moja mashine inaifanya vizuri kuliko mtu, nayo ni kuchambua matetemeko madogo. Vipima-tetemeko vinaandika mawimbi usiku na mchana: mengine ni mwamba unaopasuka, mengine ni magma inayosogea, mengine ni lori linalopita. Hapo mifano ni maelfu kwa maelfu, kila mmoja unaweza kuwekewa alama na mtaalamu, na mashine haisinzii saa tisa usiku. Igawiwe kazi hiyo. Uamuzi wa kuhamisha watu ni wa anayejua kwamba barabara ya kukimbilia Sake ni moja, kwamba mpaka wa Rwanda unaweza kufungwa, na kwamba atajibu kwa watu akikosea.

Kwa nini basi mara nyingi mashine haisemi "sijui" pale ambapo haijui? Wengi hudhani ni ujeuri. Ni jinsi ilivyolelewa. Baada ya kufunzwa kwa maandishi, programu hupelekwa kwa watu wanaosoma majibu mawili na kuchagua lililo bora, mara elfu nyingi, na namba zake zinasukumwa kufuata machaguo yao. Watu huvutiwa na jibu lililonyooka, lenye heshima, linalokubaliana nao. Mitihani inayopimiwa nayo pia hutoa alama kwa kuotea na sifuri kwa kukiri kutojua, sawa na mtihani wa kuchagua a, b, c au d, ambapo anayeacha wazi hapati kitu. Mwanafunzi yeyote angejifunza kuotea. Kazi hiyo ya kulea ilipita hata karibu nasi: Nairobi, vijana walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na uchafu ili kuyawekea alama, mashine ijifunze kuyakwepa. Adabu mnayoiona katika majibu yake ni adabu ya watu hao.

Kwa kuwa inapenda kukubali, namna ya kuuliza ni nusu ya jibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi huko Berlin aliyeitwa Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha siri yake: Hans alikuwa anasoma mwili wa mwulizaji, kichwa kilichoinuka kidogo pale hesabu ilipofika. Mwulizaji asipolijua jibu, Hans naye hakulijua. Ukiiandikia mashine "Si kweli kwamba mazuku huondoka mvua ikinyesha?" umeinua kichwa. Uliza "Mazuku huongezeka au hupungua wakati gani, na kwa nini?" Halafu fungua mazungumzo mapya, lisiwe na kumbukumbu ya la kwanza, ugeuze swali kinyume. Kisha weka uongo ndani ya swali kwa makusudi, kwa mfano kwamba gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, uone kama itakusahihisha au itakufuata. Majibu matatu yakigombana, umepata jibu lako juu ya mashine, hata kama bado hujapata la mazuku. Alan Turing mwaka 1950 alipendekeza tuache kuuliza kama mashine inafikiri, tuulize kama inaweza kupita machoni petu kama mtu katika mazungumzo ya maandishi. Kwa heshima yote kwake, tunadhani kwa mji kama huu kipimo hicho kinampima msikilizaji zaidi.

Walimu wenzetu wa darasa la sita tunawapendekezea zoezi moja, linahitaji ubao na telefoni moja yenye mega kidogo za intaneti. Chora shimo lenye kina cha mita 1.5, na gesi imefika sentimita 80 kutoka chini. Ndani amesimama mtoto mwenye kimo cha mita 1, na kaka yake wa mita 1.6, na mbuzi. Kichwa cha nani kimo ndani ya gesi? Kaka akiinama kumbeba mbuzi? Akikimbia na kuhema na kuivuruga gesi, kimo cha 80 kinabaki vilevile? Baba aliye ukingoni afanye nini? (Haingii mtu bila hewa yake mwenyewe, anatupa kamba kwa aliye na fahamu na kuita msaada, na hata aliyeonekana kichwa nje hayuko salama, kwa sababu mpaka wa gesi si ubapa wa meza.) Wanafunzi waandike majibu yao kwanza, kwenye karatasi, kabla telefoni haijafunguliwa. Kisha mashine iulizwe kwa Kiswahili cha hapa, halafu kwa Kifaransa, halafu namba zibadilishwe. Mtuandikie kupitia gazeti hili ilikosea wapi, kwa lugha gani, na ni mtoto gani aliyeligundua kosa.

Walimu wa hesabu na informatiki,
Goma